Pampu ya Tipa: Tunanunua Chuma, Tunasahau Oili

Tipa likishindwa kunyanyua bodi, kazi nzima husimama. Kokoto zilizotoka Lugoba zinabaki juu ya gari, malori mengine yanajipanga nyuma, fundi mwashi hana cha kuchanganyia zege, na mwenye gari anahesabu tripu zilizopotea. Chanzo mara nyingi ni kifaa ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba akaondoka nacho: pampu ya gia inayosukuma oili kwenye jeki.

Ndani ya pampu hiyo mna gia mbili zilizoumana. Moja inazungushwa na shafti, ya pili inaifuata. Oili inaingia upande wa kunyonya, inanaswa kati ya meno ya gia na ukuta wa pampu, inazungushwa pembeni na kutolewa upande wa pili. Katikati haiwezi kurudi kwa kuwa hapo meno yamekabana. Nguvu ya kuizungusha inachotwa kwenye giaboksi kupitia kifaa kiitwacho PTO, ambayo dereva huiunganisha akifika pa kumwaga. Pampu ya cc 82 kwa mzunguko, ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika, inatakiwa kutoa lita 82 kwa dakika, ingawa kwa matumizi halisi utapata kama 75. Jeki inayohitaji lita 50 hupanda kwa sekunde 40 hivi. Kama mzigo unadai presha ya baa 150, kazi hiyo inakula zaidi ya kilowati 19 za injini.

Watumiaji wengi hawajaelezwa jambo moja: pampu haitengenezi presha. Pampu inasogeza oili, na mzigo ndio unaoleta presha. Ndiyo maana pampu hiyo hiyo inaweza kufanya kazi miaka kwenye gari moja na kuharibika mapema kwenye gari jingine.

Viwanda vinavyotawala biashara hii vimejikusanya sehemu chache. Italia kaskazini, katika mkoa wa Emilia-Romagna, kuna Casappa ya Parma, Marzocchi ya Bologna, na Interpump ya Reggio Emilia ambayo tangu miaka ya 1990 imekuwa ikinunua kampuni za PTO na haidroliki, ikiwemo Muncie ya Marekani. Konya nchini Uturuki imejaa viwanda vya pampu na jeki za tipa. China inatengeneza za kila daraja, kuanzia zinazofungwa kiwandani kwenye malori mapya hadi zinazonakiliwa kwa macho. Hyva, kampuni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1979 na ambayo jina lake limeandikwa kwenye jeki za mbele za matipa mengi barabarani kwetu, ilinunuliwa na JOST ya Ujerumani mwanzoni mwa 2025. Danfoss ya Denmark nayo ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha haidroliki cha Eaton mwaka 2021 kwa dola bilioni 3.3. Wakubwa hawanunui karakana kwa ajili ya chuma pekee. Wananunua mitandao ya huduma, michoro, na wateja waliofungwa kwa miaka ya spea.

Kwenye upande wetu wa biashara, hali ni nyingine kabisa. Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, na soko la Kisekka jijini Kampala, pampu nyingi zinauzwa kwa kufanana. Mteja anafika na pampu iliyokufa ndani ya mfuko, inawekwa juu ya kaunta, na muuzaji anatafuta yenye umbo hilo. Kwa gari za Kijapani, Fuso na Isuzu za zamani, mtindo huu ulifaa kwa muda mrefu kwa sababu aina zilikuwa chache na namba zake mafundi wanazijua kichwani. Lakini sasa barabara zimejaa HOWO, Shacman na FAW, na pembeni yake kuna Scania zilizotumika Ulaya pamoja na matrela ya tipa yaliyochomelewa hapahapa. Pampu yenye boliti 3 na yenye boliti 4 zinakaa rafu moja. Shafti zinatofautiana meno. Na mbaya zaidi, mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuzunguka pande tofauti.

Hapo ndipo pesa inapotea. Pampu nyingi zina upande mmoja tu wa kuzunguka, na tundu la kunyonya ni kubwa kuliko la kutolea. Ukiifunga inayozunguka kinyume na PTO yako, presha inarudi kwenye oilsili ya shafti na kuitoa nje, wakati mwingine kabla bodi haijaachana na chasisi. Mteja anarudi dukani akisema ameuziwa feki. Muuzaji anasema fundi amekosea. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli: pampu ilikuwa nzima, ila haikuwa yake.

Hata hivyo, adui mkubwa si soko. Ni vumbi, na njia linayopitia inashangaza kwa urahisi wake. Jeki ikipanda na lita 50 za oili kutoka kwenye tangi, nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu, nacho ni hewa. Kila tipa linapomwaga mzigo, tangi lake linavuta lita 50 za hewa ya machimbo, hewa ileile inayomfanya dereva afunge kioo. Kama kifuniko cha tangi kina filta yake, vumbi linabaki nje. Kama kilipotea na mahali pake pamezibwa kwa kitambaa, vumbi linaingia moja kwa moja. Mwanya kati ya gia na ukuta wa pampu ni mdogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele. Chembe za silika zikipita humo tripu baada ya tripu, zinakwangua bushi na ukuta mpaka oili inapata njia ya kurudi nyuma.

Dalili yake kila dereva wa tipa anaijua: asubuhi linanyanyua vizuri, mchana linagoma. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya kirahisi penye mikwaruzo. Pampu iliyotoa lita 75 sasa inatoa 45, jeki inachukua zaidi ya dakika moja, na nguvu inayopotea inageuka joto linaloilainisha oili zaidi. Mwenye gari ananunua pampu mpya, anaifunga kwenye tangi lilelile lenye tope chini na vipande vya bushi ya zamani, na kuongezea oili iliyonunuliwa kwa kidumu bila kujua daraja lake. Pampu mpya inaanza kufa siku hiyohiyo. Nasema wazi: pampu isiyoambatana na oili safi, filta mpya na tangi lililooshwa haikustahili kuuzwa.

Kuna kosa jingine linaloandamana na hilo. Mzigo ukizidi na bodi kukataa, fundi anaombwa akaze valvu ya usalama. Bodi inapanda na kila mtu anafurahi, lakini presha imevuka kiwango ambacho pampu, mipira na viungo vya jeki viliundwa kuvumilia. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, ilitungwa kulinda barabara. Anayeiheshimu analinda pia mfumo wake wa haidroliki, na anawalinda watu: mpira unaopasuka bodi ikiwa juu huishusha ghafla, na anayefanya kazi chini yake bila nguzo ya kuizuia hatapata sekunde ya kukimbia.

Mahitaji ya pampu hizi hayatapungua. Reli ya kisasa, barabara, madini, na makaa ya mawe yanayosafirishwa kwa malori kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, vyote vinategemea magari yanayomwaga. Faida kubwa, kwa maoni yangu, itamwendea mfanyabiashara atakayeweka mashine ya kupimia dukani. Haihitaji kiwanda: mota ya umeme yenye nguvu ya kutosha, tangi, valvu ya kupandishia presha, geji, na mita ya kuonyesha lita kwa dakika. Pampu ya zamani ikipimwa, mteja atajua kama kweli imekwisha au tatizo ni valvu. Mpya ikipimwa, ataondoka na karatasi yenye cc, upande wa kuzunguka, na lita zilizotoka kwenye presha ya kazi. Itakapoletwa tena ikiwa na malalamiko, irudishwe kwenye mashine ileile, na tarakimu za karatasi zilinganishwe na za siku hiyo, mwenye gari na fundi wake wakiangalia.