Kuongeza Bando Hakufufui Fayawoli

Safari hii swali limetoka Bashay, lakini ni lilelile nililokwisha kuulizwa Dongobesh na Haydom: "Mtaalamu, fayawoli inajizima yenyewe, ofisi nzima inakosa mtandao. Tuongeze bando, au tuendelee kuizima na kuiwasha?" Hapana kwa yote mawili.

La bando najua lilikotoka. Julai 2023 wengi walisikia jinsi eCitizen ya Kenya, yenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ilivyozidiwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Yale yalikuwa mafuriko: maombi ya uongo yanamiminwa mpaka ya kweli yanakosa pa kupita. Tangu hapo, kifaa kikizimika tu, watu wanaona mafuriko.

Lakini fayawoli inaweza kuangushwa hata bila mafuriko, na pakiti moja tu, yaani kifurushi kimoja kidogo cha data. Kazi yake ni kusoma kinachopita, kama mlinzi wa getini anayefungua kila mzigo. Ukija mzigo uliofungwa kwa namna asiyofundishwa kuikagua, anazimia palepale na geti linabaki limefungwa kwa wote. Kuongeza bando ni kupanua barabara: hata ya Mbulu ikiwa ya njia nne, mlinzi bado yuko chini.

La kuzima na kuwasha ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linafanana na tiba. Desemba 2024 kampuni ya Palo Alto Networks ilitangaza udhaifu CVE-2024-3393 katika PAN-OS, programu inayoendesha fayawoli zake. Pakiti mbovu iliyopita kwenye ukaguzi wa DNS (mfumo wa majina ya mtandao) iliifanya fayawoli ijizime na kujiwasha upya. Shambulio likirudiwa, kifaa kiliingia katika hali ya matengenezo na kuacha kazi. Someni tena: kujizima na kujiwasha ndiyo yenyewe madhara ya shambulio! Kosa limo ndani ya programu, nalo huamka pamoja na kifaa. Ofisi inayokiwasha upya kila asubuhi imejizoesha kuishi na ugonjwa.

Katika kisa hicho programu ilishindwa kukagua vizuri hali isiyo ya kawaida. Marekebisho ya kosa kama hilo huandikwa na mtengenezaji, nayo hukufikieni kama sasisho. Fundi wa mtaani hawezi kuyabuni.

Basi fanyeni hivi. Andikeni aina ya kifaa na toleo la programu yake, mlinganishe na tangazo la mtengenezaji. Sasisho lichukuliwe kwake tu, si kwenye flashi ya rafiki. Likichelewa, tumieni njia ya muda anayoielekeza. Kwa PAN-OS ilikuwa kuzima uwekaji wa kumbukumbu za DNS Security. Ukurasa wa usimamizi usifikiwe kutoka intaneti. Huduma msizotumia, zimeni. Kifaa kisichopewa tena masasisho, badilisheni. Fuatilieni pia tahadhari za TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kabla ya kusasisha hifadhini nakala ya mipangilio, na kifaa kiwe kwenye betri iliyojaa: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kinaweza kisiwake tena.