Wanetu wa uzamivu na wiki ya mafunzo: wanakwenda kutafuta nini?

Siku hizi, Mji Mkongwe na hata mashamba ya Unguja, si ajabu kukuta nyumba ambayo kijana wao, wa kiume au wa kike, yumo katika masomo ya uzamivu, daraja ambayo mwenye kuihitimu huitwa daktari pasi na kutibu mgonjwa. Mara kijana huyo huwaarifu wazazi kwamba ameitwa nchi nyingine kwa wiki moja ya mafunzo, pamoja na watafiti wenzake wa mradi wa uhandisi unaoshirikisha vyuo vya mataifa kadhaa. Mzazi hushangaa. Mtoto amesoma tangu chekechea, ana shahada ya kwanza na ya uzamili. Ni mafunzo gani tena yaliyobaki? Na kwa nini ayafuate mbali, ilhali nyumbani kuna mke, mume au watoto wanaomngoja?

Suali hili ni la haki na linastahiki jawabu. Sisi tunaoshughulika na kamati za misikiti tunalisikia mara nyingi, kwa sababu mzazi mwenye dukuduku huja kwanza kwa jirani zake wa safu moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza wiki hiyo ni ya nini, na kwa nini ni jambo linalomhusu hata yule ambaye hatatia mguu chuo kikuu.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu mzima wa Unguja analikumbuka. Kisiwa chetu hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Waya wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, tukakaa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurejea mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zilisimama, watu wakarudi kwenye visima na ndoo, wenye mashine za kusagia na majokofu ya samaki wakapoteza riziki, na kelele za majenereta zikajaa vichochoroni kwa wale waliomudu mafuta. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani, na tangu hapo hali imekuwa nyengine.

Waya wa namna hii hauungwi na kila fundi. Kazi ya kwanza ni kujua umeharibika wapi, na hauonekani, kwani uko chini ya bahari kwa masafa ya kilomita zaidi ya 30. Njia mojawapo ni kupeleka mpigo mfupi wa umeme ndani ya waya, kisha kupima muda unaopita hadi mwangwi wake urudi kutoka pale penye kasoro. Mpigo huo huenda kwa kasi kubwa mno. Ukikosea katika kupima muda kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, utakosea mahali kwa kiasi cha mita 75 hadi 100. Meli itasimama pasipo pake, wazamiaji watashuka bure, na gharama ya siku nzima itakuwa imekwenda na maji.

Hapa ndipo mtafiti wa uzamivu anapoingia. Mradi mkubwa wa uhandisi haumpi mtu mmoja kazi yote. Tuchukue mfano wa mradi juu ya nyaya za baharini. Mmoja atachunguza ngozi ya waya na namna maji yanavyoipenya pole pole kwa miaka mingi. Wa pili atachunguza mchanga wa chini ya bahari unavyohama na kuuacha waya ukining'inia. Wa tatu atashughulikia hesabu za ule mwangwi. Kila mmoja yuko katika chuo chake, katika nchi yake, na msimamizi wake. Anakaa miaka mitatu au minne na suali moja, na mara nyingi katika mji mzima hakuna mwengine anayelielewa. Upweke wa kazi hii ni mkubwa, na wengi waliokatiza masomo hawakushindwa na akili, bali walishindwa na upweke.

Wiki ya mafunzo huwakusanya watu hawa chini ya paa moja. Kwa kawaida kila mtafiti husimama na kueleza alipofika kwa dakika chache, kisha wenzake na wasimamizi humuuliza. Mwenye hesabu za mwangwi ataulizwa na mwenye mchanga: je, umezingatia kwamba waya uliofukiwa hupoa tofauti na waya ulio wazi? Pengine hakuzingatia. Ni kheri aulizwe hapo kuliko aulizwe na bahari. Siku nyengine hufundishwa namna ya kutunza vipimo ili mtu mwengine aweze kuvihakiki, namna ya kuandika makala ya kitaaluma, haki za ugunduzi, na uaminifu wa utafiti: kutopika takwimu, kutoiba maneno ya mwenzio, kutoficha jaribio lililofeli. Mara nyingi huwapo pia siku ya kutoka kwenda kuona kazi yenyewe, kiwandani au bandarini.

Wasomaji wetu wataiona sura ya jambo hili kuwa si ngeni. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija wa mwaka 1861, alisafiri Hadhramaut na Istanbul kutafuta elimu kabla na baada ya kushika ukadhi Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alitoka Lamu, naye akasoma Hadhramaut, na darsa yake hapa mjini ikawa kituo cha wanafunzi kutoka pande nyingi za pwani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Walielewa kwamba mtu hasomi peke yake na kitabu; husoma mbele ya mwalimu na wenzake, akakosolewa, akarudia, mpaka akapewa idhini ya kusomesha. Usimamizi wa uzamivu unafuata desturi inayofanana na hiyo, ingawa somo ni jengine.

Na siku ya kutoka kwenda kuona kazi, je, haiwezi kufanyika kwetu? Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni darasa tosha. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafariki dunia. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Saruji huuziba ndani, chumvi ikakusanyika na plasta ikabanduka, na ncha ya boriti iliyomo ukutani ikaoza bila kuonekana. Kila kamati ya msikiti mkongwe inayopaka saruji juu ya ukuta wa chokaa kwa nia njema inahitaji mtu wa kuieleza hayo kwa vipimo, wala si kwa kukisia.

Milango ipo, nayo si michache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitivo cha uhandisi tangu mwaka 1973, na kwa miaka mingi kimeshirikiana na Sweden kwa utaratibu ambao mtafiti hugawa muda wake, miezi kadhaa ugenini na miezi kadhaa nyumbani, bila kuihama familia moja kwa moja. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha husomesha uzamili na uzamivu. Bweleo, hapa hapa Unguja, mwaka 2023 lilifunguliwa tawi la IIT Madras, la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Preeti Aghalayam, wala hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza chuo cha IIT kabla yake. Wazazi wenye mabinti hodari wa hesabu na walizingatie hilo.

Umoja wa Ulaya nao una mpango uitwao Marie Skłodowska-Curie, ambao mitandao yake ya uzamivu hukusanya watafiti katika wiki za mafunzo kama tulivyoeleza. Uko wazi kwa raia wa nchi yoyote. Mtafiti huajiriwa kwa mkataba na kulipwa mshahara, na mwenye familia huwa na posho yake. Sharti ni kwamba asiwe tayari ana shahada ya uzamivu, na asiwe ameishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12, katika miezi 36 iliyotangulia, ndani ya nchi anayokwenda kusomea. Nafasi hutangazwa bure katika tovuti ya EURAXESS. Kwa hiyo anayekuja mlangoni akidai ada ili amwombee kijana wako nafasi hiyo, muepukeni.

Linabaki fungu letu sisi tuliobaki. La kwanza ni la familia. Mtafiti akirudi likizo asipokewe kwa suali la "unamaliza lini?" kila anapokaa kwenye baraza. Apewe chumba chenye utulivu, na asipachikwe kila jukumu la harusi na hitima kwa sababu tu anaonekana hana kazi ya ofisini. Akiwa ni mama wa watoto, bibi na mashangazi wampunguzie mzigo wiki hiyo ya safari. Wiki moja ya malezi ya jamaa huweza kuokoa miaka mitatu ya kazi.

La pili ni haki yetu juu yake. Tumwombe aeleze kazi yake kwa Kiswahili, mbele ya watu wasio wahandisi, usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Asiyeweza kumfahamisha mvuvi wa Fumba kwa nini hapaswi kutupa nanga juu ya waya, bado hajalimiliki somo lake. Na tumwombe aache nakala ya vipimo vyake katika chuo cha nyumbani, ili ikitokea hitilafu hapa, pawepo mtu wa hapa aliyekwisha kuisoma.

Kisiwa kinachotegemea waya wa chini ya bahari na kuta za chokaa hakiwezi kuona elimu hii kuwa anasa. Kijana akileta tena barua ya mwaliko, tumsaidie nauli ya bandarini na dua, kisha tuhesabu siku saba, tumkalishe, tumsikilize. Tunamuomba Allah awape wanetu elimu yenye manufaa na awarejeshe salama.