Je, Wajua? Jani Ndilo Kikombe cha Kinyonga

Je, wajua kwamba kinyonga anaweza kukaukiwa na maji mwilini huku bakuli lililojaa liko mbele yake? Vinyonga wengi hawayatambui maji yaliyotulia. Porini hunywa matone ya mvua na umande juu ya majani, na wanaofugwa kwenye vizimba huko Ulaya na Marekani hunyunyiziwa mimea yao maji kila siku ili wapate kunywa. Ugumu wa kupambana na wadudu waharibifu ndani ya kizimba unaanzia hapo. Mkulima wa sukuma wiki akipiga dawa husubiri siku kadhaa ndipo avune, na mpishi naye huziosha mboga kabla ya kuzikata. Kinyonga hasubiri, wala hana wa kumwoshea. Kilichopulizwa kwenye jani asubuhi, jioni kiko tumboni mwake.

Wako hata wanaokula jani lenyewe. Kinyonga wa Yemen na Saudi Arabia, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, hutafuna majani na maua pamoja na panzi. Kwake yeye, dawa ya kuogopwa zaidi ni ile isiyoonekana. Vitalu vingi vya mimea ya ndani hutia kwenye udongo dawa kama imidaklopridi, ambayo hufyonzwa na mizizi, ikapanda na utomvu hadi kwenye kila jani na kukaa humo kwa wiki nyingi, pengine miezi. Kuosha majani hakuiondoi.

Je, wajua kwamba kidukari huzaliwa akiwa tayari na mimba? Vidukari, ambao wakulima wengi wa Tanzania huwaita wadudu mafuta, huweza kuzaa bila dume, na huzaa watoto hai badala ya kutaga. Binti anapotoka tumboni mwa mama, ndani yake wajukuu wameshaanza kukua. Jike mmoja aliyejificha chini ya jani anatosha kukijaza kizimba kizima.

Dume la kidung'ata ni kioja kingine. Akikomaa huota mabawa lakini hana mdomo wa kulia, na huishi siku chache tu, akitafuta jike. Jike hana mabawa. Hubaki kwenye shina akinyonya utomvu, amejifunika nta nyeupe kama pamba ambayo maji huteleza juu yake. Kwa hiyo kumnyunyizia maji matupu ni kazi bure. Kinachofaa ni kuutoa mmea nje ya kizimba, kumpangusa kwa pamba iliyolowa spiriti, kuusuuza mmea vizuri na kuuacha ukauke kabla ya kuurudisha.

Utitiri mwekundu si mdudu hata kidogo: una miguu minane na ni ndugu wa buibui. Hupenda joto kavu, na mfugaji huuandalia makao bila kujua anapowasha taa ya kumwotesha mnyama wake joto. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, yai huwa mtitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi.

Je, wajua kwamba utitiri huo una adui wa ukoo wake mwenyewe? Phytoseiulus persimilis ni mtitiri windaji anayeishi kwa kula utitiri mwekundu. Mwaka 1967 mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, alianza kumtumia badala ya dawa, na leo wakulima wa waridi kule Naivasha wanamtegemea pia. Kwa kizimba anafaa sana. Anapenda unyevunyevu, ni mdogo mno kwa mjusi kuhangaika naye, na mawindo yakiisha hufa njaa mwenyewe. Naiona kuwa ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu haiongezi chochote kwenye maji ya kunywa.

Afrika inaijua njia hii kwa ushahidi mkubwa. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo kutoka Amerika ya Kusini aliangamiza mashamba kuanzia Kongo. Alidhibitiwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay na kuachiwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Lakini si kila mdudu anafaa kuachiwa karibu na mjusi. Wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, walaji hodari wa vidukari, hutoa majimaji machungu yenye sumu wakiguswa. Vimulimuli wa jamii ya Photinus wa Marekani ni balaa zaidi: mmoja tu anaweza kumuua mjusi mwenye ndevu wa Australia, ambaye kwa asili hakuwahi kukutana naye na hajui kumtema.

Na pareto? Ua hili la nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda limelipia karo za watoto wengi, na watu huiamini dawa yake kwa kuwa imetoka shambani. Sumu yake huvunjika upesi juani, lakini ndani ya kizimba chenye kivuli hudumu zaidi, na mjusi au nyoka akizidiwa nayo hutetemeka, hushindwa kusimama, na anaweza kufa.

Nalisema hili nikimfikiria mjusi wa buluu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye mikadi ya msitu mdogo chini ya Uluguru na yuko hatarini kutoweka. Maelfu walichukuliwa kupelekwa vizimbani ng'ambo, hadi biashara ya kimataifa ya mijusi hao wa porini ilipopigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 2016. Waliobaki vizimbani wanastahili majani safi.

Basi ewe mfugaji, kabla ya kuuingiza mmea mpya, ondoa udongo wote wa kitaluni, osha mizizi, majani na vikonyo, upande kwenye udongo mwingine na uutenge kwa wiki kadhaa huku ukikagua chini ya majani. Muulize muuzaji ulipigwa dawa gani. Kama hajui, uache hapo hapo dukani.