Imani ya wanunuzi ndiyo mtaji wa duka la intaneti

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni methali hiyo ina nguvu, kwa kuwa mnunuzi huibonyeza nyanya na kuyang'ata mahindi ili ajue kama yamekauka. Kwenye intaneti hawezi kufanya hivyo. Anaona picha na bei tu, na muuzaji yuko mbali. Kwa hiyo kazi kubwa ya maduka ya intaneti tangu mwanzo imekuwa kumshawishi mtu atume fedha kwa asiyemjua.

Kampuni ya eBay ya Marekani ilikutana na tatizo hilo mapema. Pierre Omidyar alianzisha mnada wake wa intaneti huko California Septemba 1995, na wengi waliouza humo walikuwa watu wa kawaida wasio na duka wala jina. Mwaka 1996 uliwekwa utaratibu wa kila mnunuzi na muuzaji kumpa mwenzake alama na maoni mafupi, ambayo kila mtu aliweza kuyasoma. Mwaminifu alijijengea sifa, na mdanganyifu alijulikana. Muuzaji mdogo asiye na fedha za matangazo akapata matangazo ya bure kutoka kwa wateja wake wa jana.

Fedha kushikiliwa

Hata hivyo, sifa peke yake haikutosha kila mahali. Mwaka 2003 eBay ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya mnada ya EachNet nchini China. Mwaka huo huo Alibaba, kampuni ya Jack Ma, ilifungua soko la Taobao. Taobao haikuwatoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa, na iliwaruhusu kuzungumza na wateja na kupatana bei kabla ya mauzo, kama ilivyo sokoni. Kisha, mwaka 2004, ikaja huduma ya malipo ya Alipay. Mnunuzi alilipa, lakini fedha zilishikiliwa kama amana hadi alipothibitisha kwamba mzigo umefika.

Hofu ya kutapeliwa ikapungua, na wateja wakaongezeka. Desemba 2006 eBay, pamoja na ukubwa wake, iliamua kufunga tovuti yake ya China na kuingia ubia na kampuni ya huko.

Mazao ya shambani nayo yalipata njia yake. Pinduoduo, iliyoanzishwa na Colin Huang nchini China mwaka 2015, ilivuma kwa kuuza matunda. Mnunuzi huonyeshwa bei mbili: ya kununua peke yake na ya kununua kwa kikundi, ambayo ni nafuu. Ili apate nafuu hiyo, huwaalika ndugu na marafiki kwa simu, na mteja mmoja huleta wengine. Kwa mkulima mwenye matunda yanayoiva kwa wakati mmoja, oda nyingi za pamoja zina maana kubwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2020, Pinduoduo ilikuwa na wanunuzi zaidi ya milioni 780 kwa mwaka.

Njia hizi zina kasoro. Wapo wauzaji wanaolipa watu waandike sifa za uongo, kiasi kwamba mwaka 2024 Marekani ilitunga kanuni ya kupiga marufuku biashara ya maoni bandia.

Funzo kwa mkulima

Hapa Afrika Mashariki, M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kutuma fedha kukawa rahisi. Lakini kwa kawaida fedha za simu humfikia muuzaji papo hapo, mzigo ukiwa bado njiani. Mnunuzi akituma kwanza, hatari ni yake; mkulima akisafirisha kwanza, hatari ni yake. Wanaouza kupitia makundi ya WhatsApp wanaijua hofu hiyo.

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kuipunguza bila gharama kubwa. Auze kwa kilo badala ya lumbesa, apige picha ya mzigo wenyewe juu ya mizani, na wakubaliane sehemu ya malipo itangulie na iliyobaki ilipwe mzigo ukipokelewa. Mteja aliyeridhika aombwe aseme hivyo mbele ya kundi, na anayelalamika ajibiwe hapo hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mkulima akipeleka magunia 10 ya vitunguu na moja likafika limeoza, kumfidia mteja kutamgharimu gunia moja. Akikataa, ataokoa gunia hilo, lakini kundi zima litakuwa limesoma, na msimu ujao atatafuta wanunuzi upya.