Funu inatembea, Goma ilipasuka: picha za satelaiti zinazosomwa Liège zinarudi kwetu kwa njia gani?

Wakaaji wa Funu, katika komini ya Kadutu mjini Bukavu, hawahitaji satelaiti ili wajue kwamba kilima chao kinatembea. Mlango uliokuwa unafunga vizuri mwaka jana unakwama mwaka huu. Ukuta unapasuka, fundi anaitwa, ufa unazibwa kwa saruji, na baada ya muda ufa unarudi pale pale. Walichokuwa hawajui ni kilima kinatembea kwa kasi gani, ni upande gani unakwenda haraka zaidi, na kwa nini. Majibu yametoka kwenye picha, na sehemu ya kazi ya kuzisoma imefanyika mbali sana na Kadutu, katika Kituo cha Anga cha Liège nchini Ubelgiji.

Kituo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama CSL, ni cha Chuo Kikuu cha Liège. Wengi wanakifahamu kama mahali vifaa vya anga vinapojaribiwa kabla ya kurushwa. Lakini ndani yake kuna pia watu ambao kazi yao ni kuchambua picha za rada. Mmoja wao, Dominique Derauw, ametengeneza kwa miaka mingi programu za kompyuta za kulinganisha picha hizo. Pamoja na Nicolas d'Oreye wa Luxembourg na wenzao, walifikia chombo kinachoitwa MasTer: kila picha mpya ikishuka, programu inaipokea yenyewe, inailinganisha na za zamani, na kuonyesha ardhi imesogea wapi. Chombo hicho kimetumika Kivu. Kimetumika pia Argentina, kwenye volkano ya Domuyo.

Rada haipigi picha kama simu ya mkononi. Satelaiti inatuma mawimbi, yanagonga ardhi na kurudi. Kwa kuwa haitegemei mwanga wa jua, inaona usiku, na inaona hata mawingu yakiwa mazito. Kwa watu wa Kivu, ambako mawingu yanaweza kufunika milima kwa wiki nzima, hilo si jambo dogo. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, zinatumia wimbi la urefu wa sentimita 5,6 hivi. Mtafiti anachukua picha mbili za mahali pamoja, za tarehe mbili tofauti, na kuzilinganisha. Ardhi ikisogea sentimita 2,8 kuelekea satelaiti, rangi kwenye ramani zinamaliza mzunguko mmoja. Ndiyo maana ramani hizo zinafanana na upinde wa mvua uliokunjwa.

Njia hii ina udhaifu wake, tuuseme wazi. Majani yanaivuruga. Shamba la migomba halibaki vilevile kati ya picha mbili, kwa hiyo alama inapotea. Mabati ya nyumba na mawe ya volkano yanabaki, na rada inayasoma vizuri. Kwa hiyo Goma na Bukavu zinasomeka, lakini vijiji vingi vya milimani, ambako ardhi inaporomoka na kuua watu, vinasomeka kwa shida.

Tuanze na Goma. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ubavu wa Nyiragongo ulifunguka na lava ikashuka upande wa mji kwa muda wa saa sita hivi. Siku zilizofuata matetemeko hayakukoma, barabara na kuta zikapasuka katikati ya mji. Tarehe 27 watawala waliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziachwe wazi. Watu walitembea usiku kuelekea Sake, wengine Minova, Rutshuru, Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Wengi waliuliza swali moja: kwa nini hatukuambiwa mapema?

Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha jibu la kundi kubwa la watafiti. Delphine Smittarello ndiye wa kwanza kwenye orodha, na humo wamo Derauw wa Liège, watu wa Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, wa Luxembourg, na wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, akiwemo Adalbert Muhindo Syavulisembo na Célestin Kasereka Mahinda. Walichokiandika kinasumbua. Kwa kawaida magma inapanda kwanza, ardhi inavimba, vyombo vinaona, kisha volkano inalipuka. Nyiragongo ilifanya kinyume. Magma ilikuwa tayari iko juu, ndani ya ziwa la lava. Mlima wenyewe ulipasuka, lava ikatoka, na baada ya hapo ndipo magma ikaanza kusafiri chini ya ardhi. Ilikwenda kilomita 25 kuelekea kusini, ikapita chini ya Goma, chini ya Gisenyi, hadi chini ya Ziwa Kivu, ikiwa kwenye kina kisichofika mita 500.

Mita 500, chini ya vitanda vya watu! Picha za rada ni miongoni mwa vitu vilivyowezesha kuchora njia hiyo. Lakini picha hizohizo hazikuonyesha dalili yoyote iliyoeleweka kabla ya tarehe 22, na waandishi hawafichi jambo hilo. Satelaiti inapita baada ya siku kadhaa, na volkano haisubiri ipite. Kwa mwandishi wa habari hii, hapo ndipo penye uzito: picha inaeleza vizuri kilichotokea, lakini saa ileile ya hatari anayehitajika ni vyombo vilivyochimbiwa kwenye mawe na mtu wa OVG anayelipwa kuviangalia usiku.

Bukavu hadithi ni nyingine, kwa sababu Funu inakwenda polepole. Kipande kinachotembea kina ukubwa wa kilomita mraba moja na nusu hivi, na juu yake wanaishi maelfu kwa maelfu ya watu. Mwaka 2018 utafiti wa kwanza wa kina kwa picha za rada za satelaiti za Italia ulichapishwa. Miaka minne baadaye ukaja mwingine, katika jarida la Nature Geoscience, ukiongozwa na Antoine Dille. Huu ulirudi nyuma miaka 70. Watafiti walichukua picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege wakati wa ukoloni, Funu ikiwa bado mashamba, wakaziunganisha na picha za satelaiti za leo.

Walipozilinganisha waliona kwamba kilima kilikuwa kinatembea tangu zamani, lakini jinsi mji ulivyokijaza, ndivyo sehemu zake zilivyoongeza mwendo. Maji ya mvua hayaingii tena ardhini kama zamani: yanakusanywa na mabati, na njia, na mitaro iliyochimbwa ovyo, kisha yanamwagwa mahali pamoja. Mabomba nayo yanavuja. Ardhi ikisogea, bomba linakatika, linalowesha udongo, na udongo uliolowa unasogea zaidi. Hapa picha haikuishia kueleza yaliyopita, imeonyesha kitu ambacho mkono wa mtu unaweza kugusa: bomba na mtaro.

Katika orodha ya waandishi wa utafiti huo, Derauw yumo tena. Wamo pia Toussaint Mugaruka Bibentyo na Guy Ilombe Mawe wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, UOB. Haya majina tuyaangalie kidogo. Katika machapisho haya ya Goma na Bukavu, jina la kwanza kwenye orodha si la Mkongomani. Wanaojua mambo ya sayansi wanaelewa maana yake: katika fani hizi, jina la kwanza ni la yule aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi.

Mwaka 2025 jambo hilo limebadilika. Mwezi wa nane, Nature ilichapisha utafiti juu ya mifereji ya mmomonyoko inayokula miji ya Kongo, na jina la kwanza ni la Ilombe Mawe. Kazi hiyo ilitumia picha za kawaida za satelaiti, zile zinazoonyesha paa na barabara, siyo rada. Kundi lake lilihesabu mifereji 2.922 katika miji 26. Wanakadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 watu wapatao 118.600 walipoteza makao kwa sababu yake. Na sababu inafanana na ya Funu: paa nyingi, barabara nyingi, maji mengi yasiyo na njia.

Picha za Sentinel-1 ni za bure. Mwanafunzi yeyote wa UOB au wa Goma anaweza kuzishusha, kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba picha moja inayofaa kwa kazi hii ina uzito wa gigabaiti kadhaa, na kilima hakisomwi kwa picha moja, kinahitaji makumi yake. Kompyuta inapaswa kufanya kazi masaa mengi bila umeme kukatika. Kwa mtafiti anayenunua mega kwenye simu, picha ya bure ni ghali. Hii ni sababu moja kubwa inayofanya ardhi yetu iendelee kusomwa Liège na Luxembourg, ambako intaneti na umeme si swali la kila asubuhi.

Kisha kuna lugha. Machapisho yote tuliyoyataja ni ya Kiingereza. Fundi wa Kadutu anayeulizwa na mwenye parseli kama anaweza kuongeza ghorofa ya pili hawezi kuyasoma, na mara nyingi hata anayetoa kibali hawezi. Ramani ya Funu inayoonyesha ni upande gani wa kilima unakwenda haraka ipo tangu 2018. Ingeweza kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, na maelezo mafupi kwa Kiswahili na Mashi chini yake, kabla mvua za mwezi wa tisa hazijarudi.