Antibayotiki ya kuvuta: tumaini kwa mapafu yenye bakteria sugu

HOSPITALI ya Rufaa ya Bugando, iliyo juu ya kilima jijini Mwanza, ndiyo kimbilio la wagonjwa mahututi wa Kanda ya Ziwa, kuanzia Kagera na Geita hadi Mara na Simiyu. Tafiti zilizofanyika jijini humo zimetoa habari isiyopendeza: baadhi ya bakteria hawatishwi tena na dawa zilizozoeleka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban 64 kati ya kila bakteria 100 wa aina ya Klebsiella pneumoniae walikuwa na uwezo wa kuvunja nguvu ya sefalosporini. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulikuta jeni zinazoshinda hata kabapenemu, dawa zinazowekwa akiba ya mwisho, katika bakteria sugu 80 kati ya 227 waliopimwa.

Bakteria wa namna hiyo wakiingia mapafuni, daktari hubaki na dawa chache, nazo ni kali. Amikasini, kwa mfano, ikidungwa hupenya kidogo tu kutoka kwenye damu kwenda kwenye makohozi. Kuongeza kipimo ni kuhatarisha figo na masikio ya mgonjwa.

Hapo ndipo lilipotokea wazo la kuivuta dawa kwa pumzi. Mashine huigeuza kuwa ukungu wa matone yenye upana wa maikroni 1 hadi 5. Makubwa zaidi huishia kooni. Dawa nyingi hufika kwenye maambukizi, na kidogo sana huingia katika damu.

Marekani iliidhinisha tobramaisini ya kuvuta mwaka 1997, kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Amikasini ya kuvuta ilifuata mwaka 2018 kwa aina fulani ya maambukizi sugu ya jamii ya vimelea vya kifua kikuu. Na mwaka 2023, watafiti wa Ufaransa walieleza kuwa wagonjwa waliowekewa mashine za kupumulia na kuvutishwa amikasini kwa siku tatu walipata nimonia kwa asilimia 15, dhidi ya 22 kwa wasioipata.

Ugonjwa huo wa kurithi ni nadra hapa nchini. Wanaohusika zaidi na matibabu haya ni wale waliopona kifua kikuu, lakini mirija ya mapafu ikabaki imetanuka na makohozi yakituama humo. Kwao, hata hivyo, matokeo ya tafiti za kimataifa yametofautiana, na si kila mmoja hunufaika.

Dawa hizi si mbadala wa vidonge vya nimonia ya kawaida, wala si jambo la kujaribiwa nyumbani kwa kumimina dawa ya sindano katika mashine ya pumu. Mirija inaweza kubana ghafla, hivyo kipimo cha kwanza hutolewa chini ya uangalizi. Mashine isiyochemshwa na kukaushwa nayo huwa maskani ya bakteria wapendao maji.

Kabla ya yote, makohozi yaoteshwe maabara ili kujua bakteria gani na dawa gani inamweza. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Mvuvi anayekohoa pale Mwaloni, Kirumba, huona ni wepesi zaidi kununua vidonge katika duka la dawa lililo jirani.