Mwendo wa Ndege kati ya Arua na Moroto

Ni kawaida mtu kuitazama ramani, akaweka rula kati ya miji miwili, kisha akatangaza kwamba safari ni fupi. Tuchukue Arua na Moroto. Kwa mstari ulionyoka, viwanja vya ndege vya miji hiyo viko umbali wa kilomita zipatazo 413. Mstari huo hukata mto Nile, hupita jirani na Gulu, halafu huingia Karamoja.

Aendaye kwa gari haufuati. Kwa kawaida huteremka kusini hadi Pakwach, penye daraja la kuvukia Nile, ndipo hugeukia mashariki kwa njia ya Lira na Soroti.

Ndege ndogo ya injini moja, mfano wa Cessna Caravan, huenda kilomita zipatazo 300 kwa saa. Ukigawa, utapata saa moja na dakika 23. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Ndege hutembea kiwanjani kabla ya kuruka, hupanda taratibu, na kabla ya kutua huzunguka ili iukabili upepo. Zijumlishe dakika 10 au 15. Tena, upepo ukivuma usoni kwa kilomita 30 kwa saa, mwendo wa angani pekee huwa saa moja na dakika 32. Ukisukuma kutoka nyuma, huwa saa moja na robo. Na kwa kuwa pepo za nchi hizi aghalabu hutoka mashariki, mwendea Moroto ndiye anayekawia.

Pasipokuwa na ndege ya moja kwa moja, msafiri hupitia Entebbe. Hapo kilomita huwa 736, mbali na saa za kungoja.

Lakini jambo ambalo wengi hulisahau, hata maofisa wanaoagiza ndege ikachukue majeruhi, ni jua. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne, na Moroto iko mashariki ya Arua kwa zaidi ya digrii tatu na nusu. Kwa hiyo jua huzama Moroto takriban robo saa mapema, ingawa saa za mkononi husema mamoja katika miji yote miwili. Kiwanja kisipokuwa na taa, robo saa hiyo si ndogo. Rubani aondokaye Arua saa 11 jioni, akikabiliwa na upepo tulioutaja, atafika Moroto yapata saa 12 na dakika 45. Hapo jua linazama, na mlima Moroto, wenye kimo cha mita 3,083, umesimama karibu na mji. Arua alikotoka, watu bado wanaliona jua.